Matairi ya baiskeli yasiyojazwa upepo: majuma tisa katika barabara za Dodoma

Mtu anayeendesha baiskeli Dodoma baada ya mvua kukatika anaijua mbigiri vizuri kuliko anavyotaka. Ni mmea unaotambaa ardhini, wenye maua madogo ya njano, na mbegu zake zikishakauka huwa na pembe ngumu ambazo, hata zianguke vipi, ncha mojawapo hubaki imetazama juu. Mwezi Mei peke yake niliziba pancha kumi na moja katika njia ya kilomita 11 kati ya nyumbani kwangu, pande za Chamwino, na shule ninakofundisha Fizikia. Mara mbili nilifika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Kwa hiyo, nilipoona dukani matairi ya baiskeli yasiyotumia tyubu wala upepo, nililipa shilingi 56,000 kwa jozi bila kubishana sana.

Chapa yake siitaji, kwa sababu ninachotaka kukieleza hakihusu kiwanda kimoja bali aina nzima ya tairi hili, ambalo sasa linauzwa kwa majina mengi. Lile nililonunua ni la ukubwa wa 28 kwa 1½, la kuvaa baiskeli zetu za kawaida za breki za vyuma. Ni mpira mtupu kutoka nje hadi kwenye ringi, wenye matundu madogo ya duara yaliyopangwa ubavuni kama sega la nyuki. Muuzaji alilibonyeza kwa kidole gumba, akanipa nami nilibonyeze, kisha akaniambia: “Mwalimu, hili halibonyei kama la upepo, kwa hiyo litabingirika kwa wepesi kama gurudumu la treni.” Nilikaa na kauli hiyo kichwani kwa majuma tisa, kwa kuwa ndani yake mna kosa ambalo hata mwanafunzi mzuri wa kidato cha nne anaweza kulikubali bila kulichunguza.

Kuyafunga haikuwa kazi ya nyumbani. Fundi wangu aliyaloweka kwenye beseni la maji ya moto ili yalegee, akayavuta juu ya ringi kwa vipande vya nondo vilivyobapwa, na matairi mawili yakamchukua saa moja na nusu huku msaidizi wake akishikilia upande wa pili. Kabla ya hapo niliyapitisha kwenye mizani ya bucha ya jirani. Kila moja lilikuwa na kilo 1.9, wakati tairi langu la zamani pamoja na tyubu yake lilikuwa na kilo 1.2. Gramu 700 zilizo kwenye ukingo wa gurudumu huhesabika mara mbili wakati wa kuondoka, kwa kuwa ukingo unasonga mbele na papo hapo unazunguka, na kila mwendo kati ya hiyo miwili unadai nishati yake. Hata hivyo, mwendo ukishashika, uzito huo hauna madhara makubwa kwenye barabara tambarare, na si hapo penye shida.

Katika jambo lililonifanya niyanunue, matairi haya yalitimiza ahadi yote. Majuma tisa yalipita bila pancha hata moja. Jumamosi moja niliigeuza baiskeli miguu juu, nikalizungusha tairi la nyuma polepole na kung’oa mbigiri kwa koleo. Nilihesabu ishirini na tatu, na msumari mfupi wa bati juu yake. Tairi la upepo lingekuwa limekwisha kuwa chujio. Mtu ambaye amewahi kusukuma baiskeli kilomita sita juani akiwa na madaftari ya wanafunzi kwenye keria ataelewa kwa nini nililitazama tairi lile kwa heshima.

Lakini miguu ilikuwa imelalamika tangu asubuhi ya kwanza. Njia ambayo kwa kawaida huimaliza kwa dakika 37 ilinichukua dakika 44, nami nilifika nimelowa jasho kuliko siku zote. Kulikuwa na dalili nyingine iliyonisumbua zaidi: nikiacha kukanyaga pedeli kwenye tambarare, baiskeli haikuendelea kwenda kwa starehe kama ilivyozoea, bali ilipungua mwendo mara moja, kana kwamba kuna mtu anayeshika keria kwa nyuma. Kwanza nilishuku beringi. Nilizifungua habu zote mbili, nikaosha gololi kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi mpya, na mambo yakabaki vilevile. Ndipo nilipoamua kupima.

Mbele ya lango la shule yetu pana kipande cha lami laini, nacho kinaanzia chini ya mteremko mfupi. Nilitumia ule mpira wa maji unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa msingi, nikapata kwamba kutoka mstari niliouchora kileleni hadi chini ni sentimita 60, na kwamba baada ya hapo lami haishuki hata sentimita 3 katika mita 80. Jaribio lenyewe ni la maskini na ni la kweli: unakaa kwenye baiskeli kileleni, unaachia breki, hukanyagi pedeli, unaiacha ijiendee mpaka isimame yenyewe, na mwanafunzi mwenye chaki anatia alama pale lilipokoma gurudumu la mbele. Tulifanya hivyo alfajiri kabla upepo haujaanza kuvuma, mara tano kwa kila hali, nikiwa nimevaa shati lilelile. Nilianza na matairi ya mpira mtupu; Jumamosi iliyofuata nikaja na yale ya upepo juu ya ringi zilezile, habu zilezile na grisi ileile.

Kwa matairi ya mpira mtupu, baiskeli ilisimama kwa wastani baada ya mita 34. Kwa matairi ya upepo yaliyojazwa pauni 50 kwa inchi ya mraba, ilikwenda mita 73. Yule kijana wa chaki hakuamini. Alirudi kuyapima mara ya pili kwa utepe.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halihitaji kujua uzito wako. Nishati uliyonayo kileleni ni uzito mara kimo, na nishati inayoliwa njiani ni uzito mara kizio cha ukinzani, yaani ile sehemu ya uzito inayogeuka kuwa kani ya kuzuia mwendo, mara umbali. Uzito uko pande zote mbili, kwa hiyo unajifuta. Kinachobaki ni kimo kugawanya kwa umbali. Sentimita 60 kwa mita 73 ni kama 0.008, na kwa mita 34 ni kama 0.018. Humo ndani umo pia ukinzani wa hewa inayopasuliwa na kifua changu, ambao kwa mwendo mdogo kama ule nimeukadiria kuwa 0.002 katika hali zote mbili, pamoja na msuguano mdogo wa gololi. Ukitoa fungu la hewa unabaki na takriban 0.006 kwa tairi la upepo, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya tairi zuri la baiskeli, na zaidi kidogo ya 0.015 kwa tairi la mpira mtupu, ambayo ni tabia ya tairi la gari barabarani.

Tarakimu hizi zinaonekana ndogo mpaka uzisome kama mwinuko wa barabara, na hivyo ndivyo zinavyopaswa kusomwa. Kizio cha 0.01 ni sawasawa na barabara inayopanda mita 1 katika kila mita 100. Tofauti kati ya matairi yangu mawili inakaribia kabisa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kwa kuvaa tairi lisilopata pancha niliichukua njia yangu nzima iliyo tambarare na kuiinua iwe mpando, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, bila kupewa mteremko wowote wa kufidia. Kwa kilomita 22 za kila siku, huo ni mlima wa takriban mita 200. Uzito wangu pamoja na baiskeli ni kilo 90; kuupandisha huko kunahitaji kilojuli 180 hivi za kazi halisi, na kwa kuwa misuli hugeuza kama sehemu moja kwa tano tu ya chakula, au zaidi kidogo, kuwa kazi, nilikuwa nikichoma karibu gramu 55 za unga wa mahindi kila siku kwa ajili ya kubonyeza mpira.

Nasema kubonyeza mpira kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo nishati inapoishia, na watu wengi hudhani inaishia kwenye msuguano wa tairi na lami. Gurudumu linalobingirika bila kuteleza lina ajabu yake: sehemu ya juu kabisa inakwenda mbele kwa mwendo maradufu ya ule wa baiskeli, na ile ndogo inayoikanyaga lami, kwa nukta hiyo ya wakati, imesimama tuli. Kitu kilichosimama hakisagi. Msuguano upo, na bila huo gurudumu lingeserereka tu, lakini haufanyi kazi ya kula nishati kama unavyofanya gunia linalokokotwa sakafuni. Ndiyo maana kipara cha tairi au lami yenye ukali kidogo havikupi jibu.

Jibu limo ndani ya mpira wenyewe. Gurudumu linapozunguka, kila kipande cha tairi kinafika chini, kinabonyezwa na uzito wako, kisha kinaachiliwa. Kama mpira ungerudisha nguvu yote uliyoutia, kipande kinachoachiliwa nyuma kingelisukuma gurudumu mbele kwa kiasi kilekile ambacho kipande kinachobonyezwa mbele kinalizuia, na hesabu ingekuwa sifuri. Mpira haurudishi yote; sehemu unaigeuza joto. Basi lami inasukuma kwa nguvu zaidi upande wa mbele wa eneo la mguso kuliko upande wa nyuma, na kani yake ya jumla haipiti tena wima chini ya ekseli bali imesogea mbele kidogo. Ukizidisha kizio cha ukinzani kwa nusu kipenyo cha gurudumu, ambacho kwa namba 28 ni kama sentimita 35, unapata huo msogeo: milimita 2 kwa tairi la upepo, na zaidi kidogo ya milimita 5 kwa la mpira mtupu. Mlima wangu wa mita 200 ulikuwa umejificha ndani ya milimita tatu hizo.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho na kuligusa kwa mkono. Libonyeze tairi la upepo kwa kidole gumba, kisha ondoa kidole ghafla: ngozi ya tairi inarudi kabla hujaona ikirudi, kwa sababu kinachobonyezwa kwa sehemu kubwa ni hewa, na hewa hurudisha karibu yote unayoipa, kinachopoteza ni ule ukuta mwembamba wa mpira na nyuzi unaojikunja. Fanya hivyo kwa tairi la mpira mtupu lenye matundu ya sega, nawe utaona shimo la kidole linajaa taratibu, kama alama kwenye unga uliokandwa. Nililigusa pia tairi la nyuma baada ya kufika shuleni alfajiri, jua likiwa halijapasha lami: lilikuwa na uvuguvugu ambao ringi ya chuma iliyolibeba haikuwa nao. Nilikuwa nimeshika kwa kiganja nishati iliyokuwa ya miguu yangu dakika chache zilizotangulia.

Sasa turudi kwa muuzaji na treni yake. Ni kweli kwamba gurudumu la chuma juu ya reli ni katika vitu vinavyobingirika kwa wepesi kupita vyote, kizio chake kikiwa kati ya 0.001 na 0.002, na sisi wa Dodoma tunaopitiwa na reli ya kisasa tuna mfano huo mlangoni. Lakini treni haipati wepesi huo kwa ugumu peke yake. Chuma hubonyea kidogo mno, na hata hicho kidogo hukirudisha karibu chote. Tairi la mpira mtupu limechukua ugumu bila kuchukua urudishaji: ni gumu kiasi cha kukutikisa, na ni zito la kurudi likibonyezwa kiasi cha kukuchosha. Swali la kuuliza dukani halihusu kama tairi linabonyea, bali kama linarudisha. Sidhani muuzaji alikusudia kunidanganya; alisema kile ambacho kidole kilimwambia wakati wa kubonyeza, naye hakukitazama kidole wakati wa kuachia.

Historia ya tairi la upepo ilianza na jaribio linalofanana sana na langu, nami nilifurahi kulikumbuka nikiwa pale langoni. Mskoti Robert William Thomson alikwisha kupata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845, lakini wazo lake likalala. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitaka kuifanya laini baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Alivisha hewa kwenye gurudumu moja, akalisukuma libingirike uani, kisha akalisukuma gurudumu la kawaida la baiskeli ile. La kawaida lilianguka kabla ya kumaliza ua. Lile la hewa lilikwenda mpaka likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Mwaka 1889, katika michezo ya Queen’s College mjini humo, Willie Hume alitumia matairi hayo na kushinda mashindano yote manne aliyoshiriki dhidi ya wenye matairi ya mpira mtupu. Tairi ninalolihakiki hapa, kwa asili yake, ni la wale walioshindwa siku ile, ingawa kemia ya mpira imeendelea sana tangu wakati huo.

Nimezungumzia lami laini, ambako tairi hili hujitahidi zaidi. Kwenye changarawe tofauti inakuwa kubwa kuliko nilivyoweza kuipima. Tairi la upepo linapokutana na kokoto hulimeza: kokoto huingia kwenye ubavu wa tairi, baiskeli ikapita juu yake bila kuinuka. Tairi gumu huinuka lote, pamoja na ringi, fremu na mwendeshaji, na nishati ya kuinuka huko huishia kwenye viganja, kiuno na meno. Kwa sababu hiyohiyo kulijaza tairi la upepo mpaka liwe kama jiwe si busara kwenye barabara mbovu. Katika majuma tisa nilivunja spoku tatu za gurudumu la nyuma, ambazo kabla ya hapo sikuwahi kuvunja hata moja katika mwaka mzima, na nati za madigadi zililegea mara kwa mara. Kwenye mchanga wa korongo matairi yote yalinishinda, nami nilishuka na kusukuma.

Baada ya vipimo vile nilijaribu hali mbili zaidi. Ya kwanza ni tairi la upepo lililolegea, lenye pauni 20 tu, kama wengi wetu tunavyoendesha bila kujali: mita 48. Eneo linalogusa lami ni uzito kugawanya kwa shinikizo, na chini ya gurudumu la nyuma lenye pauni 50 ni kama sentimita 15 za mraba, pungufu kidogo ya uso wa kiberiti; shinikizo likishuka hadi 20, eneo huzidi mara mbili, na ukuta wa tairi hujikunja vikali zaidi kila mzunguko. Kwa hiyo mtu anayelaumu baiskeli yake kuwa nzito aanze kwa kutafuta pampu, ambayo ni bure kwa fundi yeyote mwenye moyo mwema. Ya pili ni ile hila ya mafundi wetu ya kulaza ukanda wa tyubu kuukuu ya pikipiki kati ya tairi na tyubu: mita 66. Ukanda huo unagharimu kitu, kwa kuwa ni mpira mwingine wa kubonyezwa, lakini hasara yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ile ya tairi la mpira mtupu, na mbigiri nyingi haziupenyi.

Je, kuna mtu ninayeweza kumshauri anunue matairi haya? Yupo. Mwenye toroli la ujenzi, ambaye safari zake ni za mita hamsini katikati ya misumari na mabaki ya nondo, atapata faida tupu. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha magurudumu pia yanafaa kuwa hivyo, maana yanabeba uzito mdogo, na mtumiaji wake akipata pancha mbali na nyumbani hawezi kushuka na kusukuma. Lakini simshauri hata kidogo muuza maji anayebeba madumu matano. Ukinzani hukua sambamba na mzigo, na kilo 100 za maji juu ya mtu na baiskeli yake zinamaanisha kani ya ziada ya nyutoni 17 hivi katika kila hatua ya njia, siku nzima, kwa mtu ambaye nguvu za miguu yake ndizo mtaji wake. Hesabu ya pancha anaiona, kwa sababu anailipa shilingi 1,000 mkononi mwa fundi. Hii nyingine anailipa kwa mwili, na hakuna anayempa risiti.

Ningependa wauzaji waandike tu, kwenye kipande cha boksi kilichofungwa kwenye tairi, umbali ambao baiskeli huenda kabla ya kusimama ikiachiwa kutoka kimo kinachojulikana, kwa tairi hili na kwa lile la kawaida. Haihitaji maabara. Mpira wa maji, chaki na asubuhi tulivu vinatosha, na mnunuzi angejiamulia mwenyewe kati ya mwiba na mlima.

Mimi nimerudi kwenye upepo, na ukanda wa tyubu ya pikipiki ndani yake, na pauni 50 kila Jumatatu asubuhi. Tangu nirudi, majuma matano yamepita nami nimeziba pancha mbili. Tairi moja la mpira mtupu nimemwachia fundi alikate vipande vya kuwekea chini ya jeki. La pili hatukuweza kulivisha kwenye gurudumu la toroli la shule bila kulipunguza, kwa hiyo tulilikata, tukaliunganisha kwa waya wa kuchomea pale kwenye kiungo, na sasa linabeba mchanga wa kujengea vyoo vipya, safari fupi fupi kutoka kwenye lundo hadi kwenye msingi.